Ukuta Ulioumeza Mchana

Mtaa mzima ulimwita Jicho, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona katika chumba chenye dirisha moja, akitenganisha uzi mweusi na wa buluu iliyokoza kwa kutazama tu, bila miwani. Kwa hiyo siku karani wa mahakama aliporudi na koti lake na kulibwaga juu ya cherehani, Jicho alidhani amekosea mlango.

"Mama, koti langu ni jeusi," karani alisema. "Hebu toka nje ulione."

Wakatoka. Juani, mshono wa bega ulionekana buluu tupu, kama mstari wa kalamu.

"Jicho limezeeka," karani alisema, akicheka kidogo ili isiume. Iliuma. Kabla ya jioni mteja mwingine alipita kuchukua kitambaa chake, hata kukatwa hakijakatwa.

Jicho alimjua mbaya wake. Dirisha lake halikuwahi kuona jua. Jua lilishinda nyuma ya paa lake kutwa nzima. Mwanga wote aliofanyia kazi ulitoka ng'ambo ya kichochoro, kwenye ukuta mrefu mweupe wa duka la vyombo. Na Jumatatu iliyopita mwenye duka aliupaka ukuta huo rangi ya kahawia nzito, kama masizi ya sufuria, bila hata kubisha hodi.

Akamfuata. Alimkuta alipozoea kukaa kila mchana: kwenye kiti cha plastiki, kivulini, kando ya dirisha la Jicho mwenyewe.

"Umenizimia taa," alimwambia.

"Taa gani tena, mama? Nyeupe inachafuka, watoto wanapigia mpira. Ukuta ni wangu. Jua ni la Mungu, na liko palepale. Mimi nimelizuia?"

Wapita njia wawili wakacheka. Jicho akarudi cherehanini, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma kuliko yote: ameonewa, na bado anachekwa.

Jioni alikitua kikombe mezani kwa kishindo, chai ikaruka.

"Dada, hicho kikombe kimekukosea nini?" aliuliza mdogo wake, mwalimu wa sayansi, aliyeishi naye nyumba moja.

"Nijibu wewe uliyesoma. Jua halijahama. Mwanga wangu umekwenda wapi?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Jua linatengeneza mwanga wake lenyewe. Katikati yake gesi imebanwa, ina joto lisilosemeka. Chembe zinaungana, na kila zikiungana zinatoa nguvu. Hiyo ndiyo inayotoka ikiwa mwanga. Ukishatoka juani, unatufikia kwa dakika nane hivi. Vitu hivi vingine, mwezi, ukuta, hata huo uso wako ulionuna, havina mwanga wake. Vinapokea, vinarudisha. Cheupe kinarudisha karibu wote. Cheusi kinaumeza."

"Ukishamezwa?"

"Unageuka joto. Kauguse huo ukuta."

Kesho yake saa saba mchana aliugusa. Ulikuwa wa moto kama pasi. Safari yote ile, kutoka juani mpaka kwenye kichochoro chake, halafu mtu anaifungia ndani ya matofali kwa kuogopa alama za mpira!

Akarudi ndani, akakiburura nje kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia, akakiegemeza kwenye ukuta wa kahawia. Chumba kikawaka. Uzi ukaingia kwenye tundu la sindano mara moja.

Lakini kioo si ukuta. Ukuta ulikuwa ukimwaga mwanga kila upande. Kioo kilirusha kipande kimoja tu, na jua likisogea, kipande nacho kinahama. Punde kikatoka dirishani, kikatambaa kwenye ukuta wa Jicho, kikatua usoni mwa mwenye duka.

"We mama! Ondoa kioo chako, unanipofua!"

Jicho akatoa kichwa dirishani. "Mimi nimekuwashia nini, baba? Jua ni la Mungu. Liko palepale."

"Nitakivunja!"

"Vunja. Kila kipande kitakumulika."

Mwenye duka akahamishia kiti huku, mwanga ukamfuata. Akakihamishia kule, jua lenyewe likamngoja. Siku ya tatu alikuja na ndoo ya chokaa, akapaka sehemu inayotazamana na dirisha, ukubwa wa shuka.

"Umeridhika?"

"Bado. Pale juu umeparuka."

Akapaka na juu, akisonya. Jicho hakumshukuru; kwake yeye hakupewa kitu, alirudishiwa kilicho chake. Alisubiri chokaa ikauke, akainua nyuzi mbili dirishani, mweusi na wa buluu, akazikazia macho. Kisha akalichukua koti la karani na kuanza kulifumua bega, akiuvuta kila uzi wa buluu kana kwamba mwenye duka amefungwa mwisho wake.