Majani Bila Mbegu: Nzilani Apima Sumu ya Bungua

Saa mbili asubuhi, jua la Kiboko tayari linachoma. Ndani ya maabara ya kituo cha utafiti kando ya barabara ya Mombasa, Nzilani Ndeti anatoa jani la mahindi kwenye friji, analikata vipande vidogo na kuvisaga juu ya barafu.

"Likipata joto, protini inaharibika. Hapo jibu linakuwa uongo," anasema bila kuinua macho.

Protini hiyo ni sumu ya kumuua bungua, kiwavi anayetoboa mabua. Wanasayansi wameiingiza ndani ya mahindi yenyewe, ili kiwavi akitafuna jani afe. Nzilani, mwenye umri wa miaka 46, ni msaidizi wa maabara. Hutia maji ya jani kwenye vishimo vya kibao cha plastiki, huongeza dawa, kisha hungoja. Rangi ya manjano ikikolea, sumu ni nyingi. Ikififia, bungua atapona.

Bungua anamjua tangu utoto wake Kikima, huko milimani Mbooni.

Miaka ile ya sitini, kabla umande haujakauka, yeye na mama yake, Syombua, walipita mstari kwa mstari wakitia majivu ya kumuua bungua ndani ya kila mche. Mikono ilikuwa kazini, mdomo wa mama ukisimulia: alivyoposwa, alivyomkimbia fisi, alivyocheka kanisani akafukuzwa.

"Hadithi zote za mama nilizipata shambani," anasema Nzilani, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Jikoni alikuwa amechoka."

Kisha ukaja msimu ambao majivu hayakufua dafu. Mabua yalianguka yakiwa yamejaa unga wa wadudu. Wakavuna debe moja. Baba yake akaenda kutafuta kazi Mombasa, akawa mgeni wa Krismasi, na mwishowe hata Krismasi hakuja.

"Watu husema ukame ulituvunja. Sisi tulivunjwa na mdudu."

Ndiyo maana, nafasi ilipotokea kituoni, hakuuliza mshahara. Leo analipwa shilingi elfu sita kwa mwezi.

Mwezi Agosti mwaka huu wa 1999, Syombua, ambaye sasa ni ajuza, alifunga safari hadi Kiboko. Alivaa leso mpya na kubeba mfuko mtupu.

"Nimekuja kuchukua mbegu," alimwambia binti yake mlangoni.

"Mwaitu, mbegu hatuna," Nzilani akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Haijaruhusiwa kupandwa hapa Kenya. Tunaletewa majani tu, kwa ndege."

"Majani? Aiya! Mimi nitapanda majani?"

Nzilani alitamani ardhi immeze. Akamshika mkono, akamkalisha kando ya meza, akamwonyesha kibao. Vishimo vya majani machanga vilikuwa vya manjano kabisa. Vile vya majani yaliyozeeka vilikuwa vimepauka.

"Hapa bungua anakufa," alimweleza. "Hapa bado anaweza kuishi. Tukikupa leo, utalia tena kama mwaka ule."

Mama aliviinamia vile vishimo. Kisha akauliza jambo ambalo Nzilani hakulitarajia: "Na hii ikikubali, asubuhi tutaenda shamba kufanya nini?"

Nzilani anasema ndipo alipogundua kwamba mama pia huzikumbuka asubuhi zile.

Waliketi wakiongea hadi chakula cha mchana kikapoa. Mfuko ulirudi Kikima na sukari na majani chai.

Nzilani hajui mbegu itaruhusiwa lini, wala kama itamkuta mama hai. Lakini ameomba likizo ya Novemba, mvua zikianza. Atapanda mahindi ya kawaida katika shamba lilelile, na mama ameshatoa sharti lake.

"Alisema nisitafute kibarua wa kunisaidia," anasema Nzilani, akirudisha majani kwenye friji. "Kuna hadithi hajanimalizia."