Jumamosi Simu Yangu Iliponyamaza

Ninaongoza maafisa mifugo wachache wa vijiji vya Handeni, na kwa miaka mingi simu yangu haikuwa yangu. Chanjo ikichelewa, napigiwa. Pikipiki ikigoma, napigiwa. Afisa akigombana na mwenyekiti wa kijiji, wote wawili wananipigia. Jumamosi nilikuwa nikipanda basi kwenda Mazinde kumwona mama, lakini nikifika nashinda nyuma ya nyumba, simu sikioni. Siku moja mama alinifuata huko.

"Mwanangu, umekuja kwangu au umekuja kutafuta mtandao?"

Jumatatu yake niliwaambia wenzangu kikaoni kwamba jioni baada ya kazi, na Jumamosi nzima, wampigie msaidizi wangu. Huyo alikuwa daktari wa mifugo, binti wa Korogwe aliyehamia kwetu karibuni. Alikubali, ila akaomba Jumapili zamu iwe yangu.

Jumamosi ya kwanza simu haikulia kabisa. Nilimwomba jirani wa mama anibipu. Ikalia vizuri tu.

Siku chache baadaye, mnadani Handeni, mzee mmoja mfugaji wa Sindeni aliniita. Nikamwamkia.

"Marahaba. Nakushukuru kwa yule binti! Jumamosi ng'ombe wangu alikwama kuzaa, ndama kageuka tumboni. Kafika na bodaboda, kavua viatu, kamtoa ndama mzima. Ana mkono yule!"

Nilicheka naye, lakini ndani nilikuwa nawaka. Sindeni ndiko nilikoanzia kazi. Katika zizi la mzee huyo huyo niliwahi kulala kifudifudi kwenye matope, mkono hadi begani, nikimvuta ndama. Sikuuliza hata kama huyu wa sasa ni jike au dume.

Ofisini nilimkuta binti akipiga soga na maafisa. Wanamwita dada. Mimi wananiita bosi. Nikamvuta pembeni.

"Mbona hukuniambia habari za Sindeni?"

"Niliandika kwenye ripoti, bosi. Na ulisema Jumamosi ni ya mama."

"Ungenipigia tu."

"Ungefanya nini nawe uko Mazinde?"

Swali hilo liliniudhi zaidi. Jumamosi iliyofuata, nikiwa kwa mama, nilimpigia mwenyewe afisa wa Sindeni kumwuliza hali ya yule ng'ombe.

"Yuko salama. Dada alipita jana kumwangalia. Kuna dharura, bosi?"

"Hapana," nikasema, nikakata.

Niliingia kikao kilichofuata nimeshaamua: simu zirudi kwangu. Kabla sijafungua mdomo, binti aliinua mkono. Macho yalikuwa mekundu kwa uchovu, na simu yake ilikuwa inatetemeka juu ya meza.

"Samahani, bosi. Peke yangu siwezi tena. Jumapili nashinda nimelala, hata kwetu Korogwe sijaenda tangu nianze zamu hii."

Nilimtazama nikajiona mwenyewe. Siku ile ile tuligawana zamu, kila afisa na wikiendi yake, na wikiendi iliyofuata nikampa binti aende kwao.

Mpango huo unafanya kazi, na mama sasa ananipata mzima. Lakini wivu haukuisha. Mtu wa Sindeni akianza kumsifu yule binti, huwa namwuliza upesi habari za mvua.