Dawa Nyingi kwenye Foleni

Juzi kwenye foleni ya kliniki hapa Nchelenge alifika mama kijana na mtoto mwenye mafua, mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Ushauri ukaanza.

“Mupake petroli ya injini ya mutumbwi kifuani,” alisema bibi mmoja.

“Hapana, mufukize chini ya blanketi,” akadakia jirani yake.

“Mimi wangu nilimutilia maziwa ya titi puani, akapona siku ile ile!” akasema wa tatu.

Mama akauliza, “Sasa bamama, munaweza kuniacha nipite mbele?”

Kila mmoja akakumbatia kadi yake. Ushauri tunaugawa bila kuombwa, nafasi inatuuma kuitoa. Muuguzi ndiye aliyetoka akambeba mtoto. Mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni, na mwanangu alikuwa na upele tu.