Jirani Aliyekuja Kila Alfajiri

"Bibi, kila siku yale yale!" Mjukuu wangu alilalamika hivyo juzi nilipomwambia afagie uwanja. Nilicheka, rafiki yangu, kisha kicheko kikanikaukia. Maneno hayo hayo alikuwa akiyasema baba yangu, kule kijijini kwetu Bweranyange, miaka michache kabla ya uhuru.

Ng'ambo ya migomba yetu aliishi bibi mjane, peke yake. Kila alfajiri, umande ukiwa bado unadondoka majanini, alikuja na kigae kuomba moto. "Mmeamkaje, wanangu?" Sisi watoto tulimwamkia shikamoo. Mama aliacha kumenya ndizi, akamwekea makaa, wakazungumza habari za jana na juzi: mvua, kahawa, maumivu ya mgongo. Tulijua hata mahali atakapovuta pumzi.

Mazungumzo hayo yalimchosha baba. "Kila siku moto wa kuomba! Mazoea yana tabu." Siku moja akarudi kutoka dukani na kiberiti, akampelekea.

"Mama, sasa hutasumbuka tena na umande."

Bibi alikigeuzageuza kiganjani. "Ahsante, baba," akasema taratibu.

Kesho yake hakuja, wala siku zilizofuata. Mwanzoni mama alikuwa akitazama njia, baadaye akaacha. Tukazoea kutomwona kama tulivyokuwa tumezoea kumwona. Ndipo asubuhi moja mama, akikata nyasi za kutandika ndani, akasikia sauti nyembamba ikiita. Bibi alikuwa ameanguka nyuma ya nyumba yake, nyonga imevunjika. Alikuwa amelala pale tangu jana yake, na mvua ya usiku ilimnyeshea yote.

Baba akambeba hadi kwetu. Njiani akamuuliza, "Mama, kwa nini hukuita?"

"Nimeita sana, baba. Zamani nisingehitaji kuita. Mngeona sijaja, mngenifuata."

Ndugu zake bibi walikuja na machela wakampeleka kwao Kituntu, na huko akafariki kabla ya mavuno ya kahawa. Tangu hapo baba hakwenda shambani bila kupita nyumba za majirani wote kuwajulia hali, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Mwaka jana nilifika pale alipokuwa akiishi bibi. Migomba imeng'olewa, kuna nyumba nzuri ya bati na geti la chuma. Nikabisha, nipate tu kuwasalimu wenyeji.

"Una shida gani?" mtu akauliza kutoka ndani, bila kufungua.

"Sina shida, nimepita kuwajulia hali tu," nikaliambia geti.