Bastola Mbili, Kufuli Moja

Wanaume wa maneno mengi Zubeida aliwazoea tangu utoto wake kijijini Quiterajo, lakini hakuwahi kumwona aliyemfikia mumewe. Ussene alikuwa na duka la nguo na sabuni mjini Palma, kitambi kilichomtangulia kila aendako, na sauti ya mnadani. Hata akiomba maji ya kunywa, ungedhani anayauza.

Siku moja ya mvua alikuja kijijini Mute kumrudisha mkewe. Tangu Palma ilipovamiwa na waasi, Zubeida aliishi hapo kwa dada yake, akilima muhogo na kuuza bajia za kunde kando ya barabara kuu. Aliishi na Bi Rehema, mama mzazi wa Ussene, ambaye mguu wake ulivunjika siku ya uvamizi ukaunga vibaya. Mama wa mtu analelewa na ndugu wa mkaza mwanawe, na mtoto wake wa kumzaa ana nyumba ya bati! Watu walilisema hilo, na Ussene alijua wanalisema.

"Safari hii hamtakuwa na hofu," alisema, akijivutia kigoda jikoni bila kukaribishwa. "Nanunua pistola. Licença, kibali cha serikali, iko njiani."

Akatoa simu, akawaonyesha picha. Bastola ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Ilikuwa nyeusi, nzito, imelala ndani ya grisi tangu vita vya zamani, na haijapiga hata risasi moja. Ya pili ilikuwa mpya, ya aina inayotoka kiwandani hivi sasa, nyepesi, na mpini wake wa plastiki.

"Ya zamani chuma kitupu, haivunjiki. Lakini vipuri vyake, pá, utavitoa wapi? Hii mpya vipuri vipo, na risasi inabeba nyingi. Ila plastiki, Zubeida! Mwanaume ashike plastiki? Nimeshindwa kuchagua. Nikasema, acha mke wangu anichagulie."

Zubeida aligeuza bajia kwenye mafuta, akaitazama mikono ya mumewe. Mikono laini, ya kupimia vitenge. Hata kuku wa Idi alikuwa akichinjiwa na jirani, yeye amegeuka upande. Leo mikono hiyo inataka bastola. Ama kweli, debe tupu haliachi kuvuma.

Majirani walikuwa wakimliwaza kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mume yu hai, amshukuru Mungu. Na kukimbia kwenyewe Zubeida angemsamehe. Siku ile kila mtu alikimbia, hata mbuzi. Kilichomkaa kooni ni kingine. Ussene aliposikia milio ya bunduki alitoka mbio, akauvuta mlango nyuma yake, akaufunga kwa kufuli kwa nje kama anavyofunga duka, akaenda zake na ufunguo. Ndani alimwacha mkewe na mama yake. Walimwita mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe walijipenyeza kwenye kidirisha cha jikoni, na Bi Rehema akaanguka vibaya. "Mazoea ya mkono tu," Ussene alieleza baadaye, utadhani mkono ule ni wa mtu mwingine.

"Halafu ya zamani ina usalama zaidi," Ussene aliendelea, kidole juu ya picha. "Hapa ubavuni, mnaona? Ina kufuli. Ukishaifunga, haipigi, hata ufanyeje. Hii mpya haina."

Bi Rehema, aliyekuwa akichambua kunde, akaacha.

"Ina nini?" aliuliza.

"Kufu..." Ussene akaishia hapo.

"Basi chukua hiyo ya zamani," alisema Zubeida. "Imekaa kwenye mafuta maisha yake yote, haijamtetea mtu, na kufuli inayo. Mtaelewana. Mimi sirudi."

Ussene akamgeukia mama yake. "Mama, sema naye."

"Niseme nini, mwanangu? Na mimi sirudi. Ukishaipata pistola yako, jilinde."

Ussene alisimama, akatia simu mfukoni, akanung'unika kwamba wanawake hawana shukrani. Kisha akatoka. Walisikia mlango ukivutwa, halafu, taratibu kabisa, komeo la nje likisukumwa mahali pake.

"Ussene!" Zubeida aliita. Mvua ilikuwa inapiga bati, dada mwenye nyumba yuko sokoni, na mumewe alikuwa ameshaondoka.

Bi Rehema akalitazama dirisha, kisha akautazama mguu wake.

"Dirishani sipiti tena," alisema. "Lete shoka."