Saa Niliyoizima Siku ya Kura

Siku ile siwezi kuisahau, Mwende mwanangu, kwa sababu nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, kisha katikati ya makofi hayohayo nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Keti. Weka simu kando kidogo. Najua inalia kila dakika. Najua kesho Ijumaa Wakenya wa Doha wanachagua mwenyekiti wa chama chetu, na wewe kiti hicho unakitaka kuliko chakula. Nimekuona kule Mesaimeer majuma haya mawili, ukitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho ili uwawahi watu langoni. Sikulaumu. Mimi nilikuwa hivyohivyo, na pengine nilikuzidi.

Lakini nimelisoma tangazo lako. Wewe ndiye katibu, na umeandika kwamba kura zitafungwa saa saba mchana. Unajua, nami najua, kwamba basi la walinzi halifiki ukumbini Al Thumama kabla ya saa nane na nusu, na walinzi wale karibu wote ni watu wa Kevin, mshindani wako. Kevin ameomba muda usogezwe hadi saa kumi. Ukamjibu kwamba tangazo likishatoka limetoka. Ndiyo maana nimekuita. Sitakugombeza. Nataka nikwambie nilichomfanyia Atieno.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nasomea unesi katika mji mmoja wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Mji wa mvua, nyumba za matofali mekundu, na watu wanaosema haraka kama wanakimbizwa. Atieno, msichana wa Kisumu, tulikuwa darasa moja na chumba kimoja, juu ya duka la viatu. Kwa kuwa tulitoka nchi ya Jumuiya ya Madola, sheria yao ilituruhusu kupiga kura. Hebu fikiria. Nyumbani sikuwa nimepiga kura hata mara moja, na huku ugenini naletewa kadi yenye jina langu, Nekesa, limeandikwa bila kosa. Niliiweka ndani ya Biblia.

Walioshindania kiti cha ubunge pale walikuwa wengi, lakini wenye nguvu walikuwa wawili. Mmoja mwalimu wa kike, mwembamba, mwenye sauti ya kufika nyuma ya darasa. Mwingine wakili kijana, mpole, mwenye koti lililomzidi mabega. Wakati ule hakuna aliyewajua nje ya mji. Baadaye wote wawili walikuja kuwa watu wakubwa nchini mwao, nami hukaa hapahapa Al Mansoura nikiwaona kwenye habari, nywele zimekuwa nyeupe, bado wanabishana.

Mwalimu alikuja hospitali kutusalimia. Akaniuliza jina, akalitamka, akalikosea, akarudia mpaka akalipata. Basi, mwanangu, nikaisha. Kesho yake nilikuwa mtaani na ua la utepe mwekundu kifuani, mkoba umejaa karatasi za kampeni, nabisha hodi mlango kwa mlango. Mzee mmoja alinifungulia mbwa. Mama mwingine alinikaribisha chai, akanisikiliza nusu saa nzima, mwishowe akasema yeye hapigi kura. Sikuchoka. Nilikuwa natembea kama sikanyagi chini. Kila nyumba iliyokubali kubandika picha ya mwalimu dirishani niliiona kama nimeijenga mimi.

Atieno akamchagua wakili. Alikuwa amemwona akiitetea familia ya mgonjwa wetu isifukuzwe nyumbani kwao, tena bila malipo. Akavaa utepe wa buluu. Mwanzoni tulicheka. Alibandika picha ya wakili juu ya kitanda chake, nami mwalimu juu ya changu, tukawa tunalala wanasiasa wanatazamana. Juma la tatu kicheko kikaisha. Tukaanza kula mmoja baada ya mwingine. Nikawaambia wenzetu wodini kwamba Atieno amenunuliwa kwa tabasamu la wakili, nikijua si kweli. Yeye akaacha kuniamsha kwa ibada ya Jumapili. Mama yangu angetusikia angedhani tunagombania shamba.

Siku yenyewe ikafika. Atieno alikuwa zamu ya usiku. Alirudi asubuhi macho mekundu, na zamu yake nyingine ilianza saa moja na nusu jioni. Akategesha saa yake ndogo ya mezani iite saa kumi alasiri, akaniangalia kama anayemeza kitu kichungu.

"Nekesa," akasema, "najua hatuongei. Lakini saa hii wakati mwingine naisikia, wakati mwingine siisikii. Ukipita hapa saa kumi, niamshe nikapige kura."

"Nitakuamsha," nikasema.

Nilisema hivyo kwa moyo safi. Lakini mchana kutwa nilikuwa vituoni, na kila niliyemuuliza alisema hali ni ngumu, hakuna anayejua, zinaweza kuwa kura kumi, zinaweza kuwa tano. Kura tano. Neno hilo likaniingia kichwani likakaa. Saa kumi kasorobo nikapanda ngazi kuchukua karatasi zaidi. Atieno alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja umening'inia. Nikaitazama saa. Nikaona dakika zilizobaki. Nikanyoosha kidole, nikaizima ile kengele. Kisha nikavua viatu, Mwende, nikashuka ngazi na soksi ili asisikie.

Mwende, unainamisha kichwa. Ngoja, bado.

Atieno aliamka saa moja jioni, mwenye duka alipoporomosha mlango wa chuma chini yetu. Alikimbilia kazini bila kuoga wala kula. Hakupiga kura.

Katika mji ule kura zilihesabiwa mchana wa siku ya pili, ndani ya ukumbi wa michezo. Nilipewa kibali cha kusimama nyuma ya meza na kutazama. Jamani, raha ile. Masanduku yanamiminwa, vidole vinakimbia, mafungu yanapangwa mezani, mekundu yanaongezeka, buluu yanafikia, mekundu yanapita tena. Nilisahau kupumua. Msimamizi akawaita wagombea pembeni akawanong'oneza, kisha ikatangazwa kwamba zinahesabiwa upya. Watu wakaguna ukumbi mzima. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mzee nisiyemjua, naye hakuuondoa.

Mwishowe wagombea wakapanda jukwaani, wakasimama mstari mmoja, bega kwa bega, kama wanafunzi wanaosubiri matokeo. Hesabu ikasomwa. Mwalimu alikuwa ameshinda kwa kura chache, zaidi ya tano lakini chache. Nikaruka. Nikapiga makofi. Nikalia. Sijawahi kufurahi vile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu alilijua hilo akanisamehe.

Kisha aliyeshindwa akapewa nafasi aseme. Yule wakili alimgeukia mwalimu, akampa mkono, hakuuachia upesi. Akasema, "Jana alasiri gari letu liliharibika njiani. Ndani yake alikuwamo bibi mmoja asiyeweza kutembea, aliyekuwa akienda kunipigia kura. Mpinzani wangu alikuwa anapita. Akasimama, akampakia bibi yule kwenye gari lake, akampeleka kituoni, akamsubiri, akamrudisha nyumbani. Alijua kura ile si yake. Nimeshindwa leo, lakini sioni haya kushindwa na mtu wa namna hii."

Ukumbi mzima ukasimama. Wekundu na buluu wakapiga makofi pamoja. Nami nilikuwa katikati ya makofi, nikashusha mikono. Saa ileile ambayo mgombea wangu alikuwa anambeba mtu akampigie mpinzani wake kura, mimi mtu wake nilikuwa nashuka ngazi na soksi.

Sikungoja sherehe. Nilitembea mpaka nyumbani kwa mvua, utepe umelowa kifuani. Atieno alikuwa ameketi kitandani, ile saa iko mapajani, anaigeuza huku na huku akitafuta ilipoharibika.

"Haijaharibika," nikamwambia. "Niliizima mimi."

Aliiweka saa kitandani. Nilitaka anipige, ingekuwa rahisi zaidi. Akasema polepole, "Sikasirikii kura, Nekesa. Wakili angeshindwa tu. Nakasirika kwamba ulinisimamia nikiwa nimelala, nimekuamini, ukaniona adui."

Nikaufungua ule utepe kifuani. Mwende, maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Hakuhama, kwa kuwa hatukuwa na pa kuhamia. Miezi miwili tuliishi kama abiria wawili wasiofahamiana. Nilirudi wodini nikawaambia wenzetu, mmoja mmoja, kwamba maneno niliyosema juu yake yalikuwa ya uongo. Hiyo ilinitoa jasho kuliko milango yote niliyobisha. Siku moja nikarudi kutoka zamu nikakuta ugali umefunikwa mezani, sahani mbili. Nikala, nikaosha vyombo, akanisimulia habari ya mgonjwa fulani aliyemchekesha. Tukaanzia hapo.

Uchaguzi uliofuata wagombea walikuwa walewale wawili, na safari hiyo wakili alimshinda mwalimu, tena kwa wingi. Mwalimu akaenda jimbo jingine akarudi Bungeni. Wakawa mawaziri, kila mmoja katika serikali ya upande wake, wakakabiliana miaka na miaka, na sijasikia mmoja akimzushia mwenzake. Siku ya kura hiyo ya pili, mimi na Atieno tulikwenda kituoni pamoja, tumeshikana mikono, yeye buluu mimi nyekundu. Moyo ulinidunda vilevile. Kupenda ushindani sikuacha, na sikwambii uache. Ni kitu kitamu.

Na ujue, mimi sikuja Doha kwa akili zangu. Atieno ndiye aliyetangulia. Hospitali ilipotafuta manesi wazoefu akaandika jina langu kabla hajaniuliza. Hii nyumba uliyoketi, watoto niliowasomesha, na wewe mwenyewe niliyekupokea uwanja wa ndege umebeba begi moja, vyote vimepitia mkono wa mtu niliyemzimia saa. Amesharudi Kisumu, amestaafu, tunaongea kila Jumapili.

Sema. Nakuona una neno.

"Mama, Kevin angekuwa katibu, angefanya vilevile."

Pengine. Hata mimi nilijiambia Atieno angeizima yangu. Baadaye nilimuuliza. Akasema wazo hilo halikuwahi kumpitia, nami namwamini. Lakini tuseme Kevin angefanya. Wale walinzi je? Wanasimama juani siku sita, hii Ijumaa ndiyo siku yao moja ya kujiona ni watu wenye sauti. Wafike ukumbini na mashati ya pasi wakute viti vinakunjwa? Utakuwa mwenyekiti wao kesho kutwa. Akifariki mmoja wao, wewe ndiye utakayeingia kambini kwao kuwafariji. Utawatazama vipi?

Mwanangu, ninalokuomba ni hili. Gombea kwa nguvu zako zote, zunguka, piga simu, vaa rangi yako, lia ukishinda. Lakini usimfungie mtu mlango ili ushinde wewe. Anayetaka kumchagua mwenzako mwache afike, na kama hana njia ya kufika, mpe njia. Na Kevin usimwite adui. Mlipika pamoja mlipokuwa hamna kazi, na mtahitajiana tena baada ya Ijumaa, hapa mji wa watu ambako hatuna shangazi wala mjomba. Na kama kuna neno baya ulilomsemea, rudi kwa yuleyule uliyemwambia, ulifute.

Haya, chukua simu yako. Andika kwamba kura zitafungwa saa kumi. Tena mwandikie Kevin mwenyewe kwanza, kabla hujaweka kwenye kundi, asilisikie tangazo pamoja na watu wote. Usieleze mengi. Ndiyo, hivyo. Tuma.

Umetuma? Sogea hapa nikuwekee mkono kichwani. Mungu wa baba zako akufungulie kesho. Akikupa ushindi, uwe ushindi unaoweza kuusimulia wote bila kuruka sehemu. Akikunyima, akupe mkono mwepesi wa kumpongeza mwenzako, na usingizi usiku huohuo. Akulinde ugenini, akulindie na rafiki zako. Amina, mwanangu. Nenda, watu wanakungoja.