Kitanda cha Vigingi

Harufu ya mfenesi uliopasuliwa karibuni, tamu na nzito kiasi cha kumtia mtu njaa, ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Wesha katika ile miaka ya mwisho ya Waingereza. Msimu wa karafuu ulikuwa umekwisha. Baba alikuwa uani akitengeneza kitanda cha harusi ya dada yangu Zuwena, nami nikizoa maranda ya kuwashia jiko la mama. Vumbi la njano lilituingia puani hadi kwenye chai, na wala halikutuudhi.

Baba hakutaka msumari hata mmoja. Kila pembe aliifunga kwa kigingi cha mti wa mpera alichokibuni mwenyewe, kinene juu, chembamba chini. Kitanda kikilaliwa, mbao zinazidi kubanana. Ukikigonga kigingi kwa jiwe kutoka chini, kinaruka, na kitanda chote kinabaki mbao tupu. Alikifunga na kukifungua huku akijipongeza kwa sauti, maana baba yangu hakuwa mtu wa kungoja kusifiwa. Mama hakucheka. Kwao kitanda cha bibi harusi hupigwa misumari kikatulia; kinachofumuliwa ni kumtakia mwali talaka.

"Piga misumari, baba Zuwena. Watu watasema mwana twampeleka na safari yake ya kurudi."

"Huko Kisiwa Panza anakoolewa kuna chumvi, misumari italika," baba alijibu. "Na kitanda kino sikigusi tena."

Walinuniana hadi siku ya harusi. Mimi nilikuwa upande wa mama, na nilimwona baba mbishi tu.

Masika ya pili shemeji akamwacha dada. Akamwambia aende zake, lakini kitanda kibaki, kuna mke mpya anakuja kukilalia. Kilikuwa kitanda cha dada, alichopewa na baba, ila nani angemsemea kule ugenini? Basi Ijumaa, wanaume walipokwenda msikitini, dada akaokota jiwe. Swala ilipokwisha, mbao zote zilikuwa zimeshashushwa pwani.

Alipofika nyumbani na mzigo wake, mama akaangua kilio, akasema yeye alionya tangu mwanzo. Baba alimshika dada mkono.

"Vigingi vilitoka vyepesi, mwanangu?"

"Vyepesi, baba."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Baba akakaa chini mchangani, akalia mbele yetu sote. Hapo ndipo nilipojua kwamba alipokataa misumari hakuwa akifikiria chumvi. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Siku hizi vitanda hununuliwa mjini Chake, vya boliti, vina vioo na droo, na fundi huja kuvifunga kisha akaondoka na vyombo vyake. Sina ugomvi navyo. Ni vizuri, na havinuki mfenesi. Nilipomwoza binti yangu, mashoga zangu waliuliza godoro ni la inchi ngapi. Mimi nilimuuliza fundi ukubwa wa boliti. Kisha nikaenda dukani nikanunua spana, nikaiweka chini kabisa ya sanduku la mwanangu, katikati ya kanga mpya.